Moto Uliomo Ndani ya Samaki

Hotuba iliyosomwa na Katibu wa Chama mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi vya Handeni na Korogwe, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya Chama



Tumepewa heshima ya kusema mbele yenu siku hii ambayo Chama chetu kinatimiza miaka kumi. Waliotutangulia wamekwisha kueleza habari za mahindi, za ufuta na za mkonge, nao wamezieleza vizuri kuliko tuwezavyo sisi. Kwa hiyo Bwana Mwenyekiti ametuagiza tusirudie hayo, bali tuseme juu ya mabwawa ya samaki, jambo ambalo kwa miezi mingi limezungumzwa nyuma ya ofisi kuliko lilivyozungumzwa ndani yake. Tumeona ni haki. Lililonong'onwa na lisemwe, hata kama sehemu yake itatuelekea sisi wenyewe tulioshika kalamu.

Swali lenyewe mwalijua. Wako wanachama wanaotaka sehemu ya ziada ya mwaka huu itumike kununua dawa ya kukuzia samaki, ile inayouzwa kwa jina la homoni. Wako wengine wanaosema dawa hiyo ni uongo mtupu na kwamba anayeizungumza afukuzwe mkutanoni. Jioni ya leo mtapiga kura. Ofisi imeombwa iwaambie kabla ya kura homoni hiyo ni kitu gani, inafanya nini ndani ya samaki, na kama kweli yaweza kununuliwa kwa kopo.

Sisi tulisoma mpaka Kidato cha Nne tu, na biolojia tuliyofundishwa ilikuwa zaidi ya panzi na chura. Yale tutakayoyasema tumeyapata kwa kusoma vitabu vya kuazima na kwa kumsumbua Bwana Samaki wa wilaya, ambaye ametuvumilia kwa moyo mwema. Panapoonekana kosa, kosa ni letu.

Kwanza na tukumbuke kwamba Korogwe si mgeni wa jambo hili. Majaribio ya kwanza ya kufuga samaki katika nchi iliyokuwa ikiitwa Tanganyika yalianzwa hapa Korogwe mwaka 1949, na mengine kule Malya upande wa Mwanza, na samaki waliofugwa walikuwa perege. Kufika mwaka 1968 nchi nzima ilihesabiwa kuwa na mabwawa yapatayo 8,000, ingawa mengi yalikuwa madogo mno na mavuno yake haba. Tena yuko perege aliyepewa jina la mji huu katika vitabu vya elimu ya wanyama. Mwaka 1955 bibi mtaalamu aitwaye Rosemary Lowe, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha Afrika Mashariki cha utafiti wa samaki kule Jinja, alimwandika perege wa mto wetu wa Pangani kwa jina la korogwe, na mpaka leo wataalamu humwita Oreochromis korogwe. Watu wachache duniani waweza kusema kwamba yuko samaki mwenye jina la stesheni yao.

Hayo ni ya fahari. Sasa tuje kwenye ya aibu.

Mwaka jana, mwezi wa Juni, Chama kiliwagawia vifaranga vya perege wanachama wa mlimani, upande wa Bungu na Vugiri, pamoja na chakula cha samaki kwa mkopo. Vifaranga hivyo vilitoka katika mabwawa ya bondeni, karibu na mto Lwengera, mahali ambapo maji ni ya vuguvugu hata wakati wa kipupwe. Tulivipakia asubuhi na mapema katika mifuko yenye hewa, tukapanda navyo mlima, na alasiri hiyo hiyo tukavimwaga katika mabwawa ya huko juu. Wengi wenu mlikuwapo. Watoto walipiga makofi. Pamoja na vifaranga tuligawa karatasi ya maelekezo yenye kipimo cha chakula cha kila siku, na kipimo hicho kilikuwa kimoja kwa bondeni na kwa mlimani.

Wanachama walifuata karatasi. Samaki hawakula. Chakula kilizama, kikaoza, maji yakabadilika rangi, na baada ya wiki chache alfajiri moja samaki wakaonekana juu ya maji wakitweta midomo wazi. Bwawa moja lilikufa lote siku ile. Mengine yalifuata, na yale yaliyosalimika samaki wake walibaki wadogo kama kidole mpaka Desemba. Mzee mmoja, ambaye bwawa lake lilikuwa la kwanza, alikuja ofisini kwa miguu, akakaa kitako, akasema, "Katibu, mwanangu, kama ni kurogwa tuambie, na kama ni ujinga tuambie vilevile." Hatukuwa na jibu. Tulimpa chai.

Katika siku hizo hizo akapita mchuuzi mwenye makopo ya unga mweupe yasiyo na maandishi ya maana, akisema kwamba samaki wa mlimani hawakui kwa sababu moto wao wa ndani umezimika, na kwamba unga ule ni homoni ya kuuwasha. Maneno yake yaliwaingia watu, na hatuwalaumu, maana ndani yake mlikuwa na chembe ya kweli, na uongo wenye chembe ya kweli ndiyo mgumu kuutoa. Nasi tukaona kwamba hatuwezi kumpinga mtu yule mpaka tujue kama kweli samaki anao moto.

Anao. Kila kiumbe hai huchoma chakula chake polepole kwa hewa ya oksijeni, na kwa moto huo usio na mwali hupata nguvu ya kwenda, kukua na kuzaa. Ndani ya kila chembe ya mwili mna meko madogo yasiyoonekana kwa jicho, wataalamu huyaita mitokondria, na humo ndimo chakula kinamochomwa. Hata nyama ya perege aliyetulia chini ya tope ina meko hayo yakifuka.

Na sisi binadamu tunayo mbele ya koo, chini kidogo ya kikoromeo, tezi yenye umbo la kipepeo, ambayo Kiswahili cha kitabuni huiita tezi dundumio. Ikivimba twasema mtu ana rovu. Kazi ya tezi hiyo ni kutengeneza homoni, yaani kitu kidogo sana kinachotiwa ndani ya damu na kwenda kuziagiza sehemu za mwili zilizo mbali. Homoni yake kubwa ni thairoksini, nayo haitengenezwi bila ayodini, ile tunayoijua kwa jina la madini joto na ambayo sheria ya miaka ya 1990 iliagiza itiwe katika chumvi yetu. Jina hilo la madini joto lafaa sana. Mtu aliyepungukiwa na homoni hii huona baridi wakati wenzake wanatokwa na jasho, huwa mzito wa mwili na wa mawazo. Na aliyezidiwa nayo hukonda huku akila, moyo ukimwenda mbio.

Thairoksini ina chembe nne za madini joto, kwa hiyo wataalamu huiandika T4 kwa ufupi. Nayo ni kama hundi iliyoandikwa lakini haijapigwa muhuri. Ikifika katika ini na viungo vingine, chembe moja huondolewa, ikabaki T3, na hiyo T3 ndiyo inayofanya kazi hasa: huingia mpaka ndani ya chembe za mwili na kuamuru meko yaongezwe au yapunguzwe, mafuta yatolewe ghalani, misuli ijengwe.

Samaki naye ana homoni hizi hizi, T4 na T3, wala hazitofautiani na zetu hata kidogo. Ila tezi yake haikukusanyika mahali pamoja kama yetu. Imetawanyika kama punje za mtama zilizomwagika, chini ya koo, kandokando ya mshipa mkubwa utokao moyoni kwenda kwenye matamvua yake ya kupumulia. Ndiyo maana mama zetu wanaopasua samaki kila siku hawajaiona. Na madini joto huyapata kwa njia mbili: katika chakula, na katika maji yenyewe yanayopita matamvuani.

Hapa tungependa kusimulia kisa kimoja, maana kinatuhusu wafugaji kuliko madaktari. Yapata mwaka 1910, huko Marekani, samaki wa jamii ya trauti waliofugwa katika mabwawa ya Pennsylvania walianza kuvimba koo. Wakubwa wengine walidhani ni donda la saratani linaloambukiza. Daktari mmoja, David Marine, akachunguza, akaona kwamba samaki wale walikuwa wamesongamana na walikuwa wakilishwa maini na mioyo ya wanyama, chakula chenye madini joto kidogo mno. Akatia madini joto katika maji, na uvimbe ukapungua. Akaona pia kwamba waliolishwa samaki wa baharini hawakuugua. Lilikuwa rovu tu. Mwaka 1917 daktari huyo pamoja na mwenzake Kimball wakaanza kuwapa wasichana wa shule wa mji wa Akron, Ohio, madini joto kidogo, na marovu yao yakazuilika. Na kufikia 1924 Wamarekani walikuwa wameanza kuyatia katika chumvi. Basi chumvi unayotia katika mchuzi wa perege, sehemu ya njia yake ilipita katika bwawa la samaki.

Mmoja wetu aliposikia kisa hiki alikwenda akamwaga nusu gunia la chumvi katika bwawa lake. Hatumtaji. Tunasema tu kwamba asirudie.

Sasa tufike kwenye kiini. Kwa binadamu, kwa ng'ombe na kwa kuku, kazi kubwa ya homoni hii ni kuutunza moto wa mwili usizimike, kwa sababu sisi lazima tuwe na joto lile lile usiku na mchana, mvua au jua. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ugali tunaokula tunaichoma ili tubaki na joto tu. Samaki hana deni hilo la kuni. Joto la mwili wake ni joto la maji yake. Maji yakipoa naye hupoa, yakipata joto naye hupata. Hii ndiyo sababu samaki hugeuza chakula kuwa nyama kwa faida kuliko ng'ombe, na ndiyo sababu Chama kiliingia katika biashara hii.

Lakini ikiwa samaki hajitengenezei joto, homoni ya moto yamfaa nini? Wataalamu walishindana juu ya swali hilo kwa miaka mingi. Walimpa samaki thairoksini, wakapima oksijeni aliyoitumia, wakitazamia kwamba ataitumia kwa wingi kama mtu afanyavyo. Wengine walipata hivyo, wengine hawakuona badiliko lolote, na wengine waliona imepungua. Ubishi huo ulikuwa na faida, maana uliwafanya waache kuitazama homoni hii kama mtu anayetia kuni, waanze kuitazama kama mtu anayegawa.

Nasi tulipofahamu hapo tulicheka, kwa sababu kazi hiyo twaijua. Homoni hii ndani ya samaki ni kama katibu wa chama. Katibu huandika barua: mafuta haya yatolewe, protini hii iende kwenye misuli, matumizi yale yasimamishwe mpaka msimu ujao. Lakini katibu hana shamba. Ghala likiwa tupu, barua zake hata zikiwa mia hazitaleta gunia moja. Na katibu mwenye akili, ghala likipungua, hupunguza barua.

Na ndivyo ilivyo hasa. Mtaalamu J. G. Eales wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, pamoja na wenzake, walichunguza samaki trauti kwa miaka mingi, wakaona kwamba samaki akinyimwa chakula, ini lake hupunguza kuigeuza T4 kuwa T3. Hundi hazipigwi muhuri. Matumizi hupungua, ukuaji husimama, na samaki huishi kwa akiba yake. Akipata chakula tena, hasa chenye protini, T3 hupanda, na kukua huanza upya. Tafadhali tazameni mfuatano huo: chakula hutangulia, homoni hufuata.

Ndugu zetu wa Handeni, jambo hili ni lenu. Ninyi hamna mito mingi. Mnafuga katika malambo, na kiangazi kikikaza lambo hubaki kidimbwi, samaki wakabanana, chakula kikaisha. Mwaka juzi wanachama wa upande wa Sindeni walitwambia kwamba samaki wao walikaa miezi minne bila kuongezeka, na mvua ziliponyesha wakakua haraka kana kwamba wamefunguliwa kamba. Wengine walidhani kuna mkono wa mtu. Hakuna mkono wa mtu. Samaki wale walifanya kama mlivyofanya ninyi na wazee wenu katika miaka ya ukame: walipunguza matumizi wakaishi. Laiti mtu angewapa wakati ule unga wa kuwasha moto, na unga huo ukawa wa kweli, wangechoma mafuta machache waliyobakiwa nayo na misuli yao vilevile, wakafa wakiwa na homoni tele.

Neno jingine kwa Handeni ni la muhogo. Wengi wenu mnawalisha perege majani ya muhogo, na perege huyapenda. Lakini majani mabichi yana sumu ambayo mwili huigeuza kuwa kitu kinachogombana na madini joto mlangoni mwa tezi, kikayazuia yasiingie. Kwa binadamu jambo hili lilidhihirishwa vizuri katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, mashariki ya Kongo, ambako wataalamu wa Kibelgiji, Delange na Ermans, walionyesha miaka ya 1970 kwamba marovu ya huko yalisababishwa na uhaba wa madini joto pamoja na ulaji wa muhogo. Samaki nao tezi zao huvimba wakilishwa kwa wingi mimea yenye vitu vya namna hiyo. Hatusemi mwache majani ya muhogo, maana kiangazi hamna jingine. Twasema yaanikwe juani mpaka yakauke, yachanganywe na pumba na mashudu, na penye uwezo kitiwe kiasi kidogo cha dagaa wa baharini waliosagwa, ambao wana madini joto yao wenyewe.

Turudi mlimani. Bwana Samaki alipotupa kipimajoto, tulikwenda Julai ya mwaka huu alfajiri tukapima: maji yalikuwa nyuzi 17. Bondeni, siku ile ile, saa ile ile, karibu nyuzi 25. Perege hukua vizuri kati ya nyuzi 26 na 30. Chini ya 20 hula kidogo. Yakikaribia 16 huacha kabisa. Kwa hiyo chakula tulichokiandika katika karatasi yetu kilikuwa chakula cha samaki wa mahali pengine. Kilichooza ndicho kilichokula oksijeni ya maji usiku, na ndiyo maana samaki walitweta alfajiri, wakati hewa katika maji ni chache kuliko saa zote.

Liko na jambo la pili, nalo ndilo lililotusumbua zaidi. Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, akiwamo Frank Seebacher, walitangaza uchunguzi wao juu ya samaki mdogo wa Kihindi mwenye mistari kama punda milia. Waliwaweka wengine katika maji ya nyuzi 18 na wengine katika nyuzi 28 kwa wiki kadhaa, na baadhi yao wakawazuilia homoni hii kwa dawa. Wale wa maji ya baridi waliozuiliwa walishindwa kuizoea baridi: hawakuweza kuogelea vizuri wala kupata nguvu kama wenzao. Waliporudishiwa homoni walipata nafuu. Maana yake ni kwamba samaki hatumii homoni hii kujipasha joto, bali huitumia kuifanya misuli yake na meko yake yaweze kazi katika baridi; na mabadiliko hayo huchukua wiki, si saa.

Sisi tuliwapa vifaranga wetu muda wa kutoka asubuhi mpaka alasiri.

Tulipoyasoma hayo tuliona haya, maana tulikumbuka makofi ya watoto. Bila shaka mchuuzi angefurahi kuyasikia, angesema: mnaona, basi homoni yafaa kwa baridi! Lakini samaki wa Sydney waliofaidika na homoni ya kupewa ni wale walionyang'anywa ya kwao. Kifaranga mzima anayo yake. Anachohitaji ni siku za kuitumia, na chakula kidogo cha kuigharimia kazi hiyo.

Na kwa kuwa tumeahidi kusema kweli yote, hatutaficha kwamba uko uchunguzi unaompa mchuuzi robo ya haki. Mwaka 1980 mtaalamu T. J. Lam wa Singapore aliviweka vifaranga vichanga sana vya perege wa aina ya Msumbiji katika maji yenye thairoksini kidogo, navyo vikakua upesi na vingi vikasalimika. Ni kweli. Lakini hivyo ni vichanga vyenye kiini cha yai bado tumboni, na kipimo chake hupimwa kwa mizani ya maabara. Kikizidi, mifupa na mapezi hupotoka. Tena imeonekana kwamba yai la samaki hutoka kwa mama likiwa tayari na T4 na T3 ndani ya kiini. Perege jike, kama mjuavyo, huatamia mayai kinywani kwa siku zipatazo kumi na zaidi, na wakati huo hali, au hula kidogo sana. Yote anayowapa wanawe aliyaweka kabla. Kwa hiyo mtu atakaye vifaranga vyenye homoni nzuri awalishe mama zao vizuri, na hilo twaweza kulifanya kwa pumba zetu wenyewe.

Tutenganishe pia na homoni nyingine, maana watu wamezichanganya. Iko homoni ya kiume ambayo vituo vya kuzalisha vifaranga hutia katika chakula cha vichanga kwa wiki tatu au nne za kwanza ili wote wawe madume, wasizaliane ovyo na kudumaza bwawa. Hiyo ni kazi halisi, hufanywa na wajuzi chini ya masharti, nayo haihusiani na tezi tunayoisema wala na makopo yale. Kudumaa kwa samaki katika mabwawa mengi ya bondeni kumetokana na kuzaliana huko: perege huanza kuzaa angali mdogo, bwawa likajaa midomo, na chakula cha mia kikaliwa na elfu. Dawa yake ya bei nafuu ni wavu, au kambale wachache wa kula vitoto. Na wanaoshawishika kuleta sato wa Ziwa Viktoria kwa kuwa ni mkubwa, tunawaomba wamwulize Bwana Samaki kwanza, maana sato akitoroka huzaana na perege wa asili wa mto, na hatupendi siku moja yule wa jina letu abaki katika vitabu tu.

Bwana Mwenyekiti, tumechukua muda mrefu. Ofisi inatoa mapendekezo yafuatayo kwa kura ya jioni. Fedha ya ziada isinunue unga wa kopo. Inunue vipimajoto, kimoja kwa kila chama cha msingi chenye mabwawa, na mashine ndogo ya kusagia pumba, mashudu na dagaa, iwekwe Korogwe, na gari la Chama lipeleke chakula Handeni mara moja kwa mwezi. Vifaranga vya mlimani vipandishwe kuanzia Oktoba, maji yakianza kupata joto, wala visipande siku moja: vikae kwanza wiki tatu katika bwawa la katikati ya mlima, ambalo mwanachama mmoja wa Mashewa amekubali kutuazima bila malipo. Karatasi ya maelekezo iandikwe upya na iwe mbili. Tumekwisha kuziandika, ziko hapa, na Bwana Samaki amezisoma.

La mwisho ni la madeni. Wanachama kumi na mmoja wa mlimani bado wanadaiwa na Chama bei ya chakula kile kilichooza. Wanne wamelipa kwa kuuza mbuzi. Mmoja ni mama mjane, na kila mwezi huleta kidogo kidogo kilichofungwa katika kitambaa, hasemi neno, hungoja stakabadhi akaenda zake. Walifuata maandishi yetu kama yalivyo, na maandishi yalikosea. Tunaomba Mkutano uyafute madeni hayo yote, na waliokwisha kulipa warudishiwe, na ikiwa sheria za Chama haziruhusu kufuta bila kuwako wa kubeba, basi sehemu moja ikatwe katika mshahara wa ofisi kwa muda Mkutano utakaoona unafaa. Hati zenyewe kumi na moja ziko juu ya meza ya Bwana Mwenyekiti, na Mzee yule aliyetuuliza kama ni kurogwa au ni ujinga ameketi safu ya pili. Tungependa yeye awe wa kwanza kusema.